Mtu hana hela ya jimu wala ya matunda kila siku, anajikingaje na kisukari?

Mhudumu_Jamii ameandika:

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Mimi najitolea kama mhudumu wa afya ya jamii, napita nyumba kwa nyumba, kina mama wajawazito, watoto, chanjo, ndo kazi zetu za siku zote. Lakini saivi kinachonisumbua ni sukari. Zamani watu walikuwa wanasema huo ni ugonjwa wa wenye nazo, saivi nakikuta kisukari kwa watu ambao hata mlo wa pili wa siku hawana uhakika nao, na wengi wanakuja kujua wakati kidonda cha mguu kimegoma kupona au macho yameshaanza kufifia.

Tumepewa kipeperushi cha kuelimishia watu. Kinasema kula matunda kwa wingi, kula samaki, tumia mafuta mazuri, jiunge na mazoezi, pima sukari mara kwa mara. Juzi nimemsomea mama mmoja mpaka mwisho, kanisikiliza vizuri kabisa, afu akaniuliza, "Mwanangu, hivyo vyote nanunua kwa hela gani?" Nikakosa la kumjibu, nikaaga.

Kwahiyo naomba kuuliza, mtu ambaye hana hela, hana mizani, hana mashine ya kupimia, anakula kile kinachopatikana, afanye nini ambacho kweli kinasaidia? Na je kuna ushahidi au ni maneno ya kufarijiana tu? Na la pili, siwezi kuwafikia wote kwa wakati mmoja, nianze na nani?

---

Nesi_wa_Kliniki amejibu:

Mhudumu, hongera kwa kazi, na huyo mama ana haki kabisa ya kuuliza hivyo. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza tujue tunaongelea kisukari kipi. Aina ya kwanza, ile ambayo kinga ya mwili wenyewe inashambulia kongosho mpaka insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, inakwisha, hiyo hakuna mlo wala mazoezi yanayoizuia, kwahiyo mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo asije akaambiwa alimlisha vibaya. Tunayoweza kuizuia au kuichelewesha ni aina ya pili, na ndiyo waliyo nayo wagonjwa walio wengi. Hii inakuja taratibu, misuli na ini vinakuwa sugu kwa insulini, kongosho linajitutumua kutoa nyingi zaidi na zaidi, miaka inapita mtu hasikii chochote, mpaka linafika mahali linazidiwa na sukari inabaki kwenye damu. Hiyo miaka ambayo mtu hasikii kitu ndo nafasi yetu ya kufanya kazi.

Ushahidi upo, tena wa siku nyingi. Kule Daqing, China, mwaka 1986 walianza utafiti kwenye kliniki 33, watu 577 ambao sukari yao ilishaanza kupanda ila haijafika kisukari. Kuna waliobadili mlo, kuna waliofanya mazoezi, kuna waliofanya vyote viwili, na wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Ikaenda miaka 6 basi. Lakini wakaendelea kuwafuatilia mpaka miaka 30 wakakuta wale waliobadili maisha kisukari kiliwachelewa kwa karibu miaka 4, na matatizo ya moyo, kiharusi na macho yalikuwa machache kwao kuliko kwa wenzao, na vifo pia. Finland wakatoa matokeo yao 2001, Marekani 2002, wote wawili walipata kwamba kubadili maisha kunapunguza hatari kwa asilimia 58, na kule Marekani kidonge cha metformini, dawa ya kisukari, peke yake kilipunguza asilimia 31. Yaani kutembea na kurekebisha sahani kulifanya vizuri kuliko dawa.

Sasa mtu atasema hao walikuwa na wataalamu wa kuwafuatilia mmoja mmoja, na ni kweli walikuwa nao. Ndo maana mimi naupenda zaidi ule wa India uliotoka 2006, watu 531, wengi wao sio wanene kama wale wa Marekani. Waliambiwa watembee kwa haraka angalau nusu saa kwa siku na wapunguze sukari, nafaka zilizokobolewa na mafuta. Hatari ikapungua kwa asilimia 28.5, na uzito wao haukupungua! Hilo la uzito ndo ningependa ulishike sana, maana watu wengi wanakata tamaa wakiona mizani haijasogea, kumbe ndani ya mwili mambo yanabadilika.

Kwa upande wa kufanya nini, kama nyumba moja una dakika chache tu basi ongelea vinywaji, mengine yaje siku nyingine. Soda ndogo ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, hiyo ni karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6. Kwahiyo soda moja imeshapita hapo mtu hajanywa hata chai. Na juisi msidhani iko salama kwa sababu imetoka kwenye tunda, ukishalikamua sukari inabaki yote na nyuzinyuzi zinatupwa. Huyo mama aliyekuuliza ananunua kwa hela gani, hapa haambiwi kununua, anaambiwa aache kununua.

Halafu kutembea baada ya kula. Misuli ikiwa inafanya kazi inavuta glukosi, yaani sukari, kutoka kwenye damu hata kama insulini imekuwa dhaifu, kwahiyo mtu akitoka mezani akatembea hata dakika chache, au akaosha vyombo na kufagia badala ya kukaa au kulala hapo hapo, sukari haipandi sana. Lengo la wiki nzima ni dakika 150 za mwendo wa kukufanya uhemehe kidogo ila bado unaweza kuongea, na zinaweza kugawanywa. Anayelima au kubeba mizigo kutwa nzima ameshazipita hizo, yeye usimsumbue na mazoezi, muongelee chakula na vinywaji. Wa kumsumbua ni anayekaa kutwa, mfano fundi cherehani, dereva, mwenye genge.

Kwenye sahani, tafadhali usimwambie mtu mwenye njaa apunguze chakula. Wanga ndo unamshibisha, ukimwondolea hujampa mbadala atakuona huna akili. Mwambie abadilishe sehemu ya wanga kwa jamii ya mikunde, aongeze majani ya mboga, na kama kuna nafaka isiyokobolewa achukue hiyo. Vinashibisha kwa muda mrefu zaidi na sukari inaingia kwenye damu polepole. Akianza na mboga na mikunde halafu ndo wanga, ni vizuri zaidi, na hiyo haimgharimu kitu.

---

Jembe_Halimtupi amejibu:

Mimi naheshimu utaalamu ila naona tunawapa watu mzigo bure. Kisukari ni cha kurithi. Babu yangu alikuwa mwembamba kama fimbo, kalima maisha yake yote, soda kaijua uzeeni, na bado sukari ikamuua. Saivi baba naye anayo. Sasa mimi niache chai yangu ya nini?

---

Takwimu_na_Lishe amejibu:

@Jembe_Halimtupi pole sana kwa babu, na mzee namwombea nafuu. Unachosema kina ukweli ndani yake, ukiwa na mzazi mwenye kisukari aina ya pili hatari yako iko juu. Ila hatari kuwa juu sio hukumu. Kwenye tafiti hizo alizotaja nesi, watu walichaguliwa kwa sababu sukari yao ilishaanza kupanda, na kwenye baadhi ya tafiti wengi walitoka kwenye koo zenye kisukari, na hao hao ndo mabadiliko yaliwasaidia. Kwahiyo kwa historia ya kwenu wewe ndo una cha kupata zaidi kuliko mtu ambaye kwao hakipo.

Na kuhusu wembamba, hilo ni muhimu kwa maeneo yenye shida. Mtu aliyepata njaa akiwa tumboni au utotoni anaweza kukua na mwili usioweza kumudu sukari vizuri. Uholanzi kulikuwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 wakati wa vita, na watoto waliokuwa tumboni kipindi kile walipopimwa wakiwa watu wazima, miili yao ilikuwa inashindwa kushughulikia glukosi kuliko ndugu na wenzao waliozaliwa kabla au kutungwa mimba baada ya njaa. Kwahiyo mtu mwembamba aliyekulia kwenye dhiki halafu maisha yakabadilika akaanza kunywa vitu vitamu na kukaa, asijione yuko salama kwa sababu hana kitambi. Babu yako sijui utoto wake ulikuwaje, ila hiyo ni njia mojawapo inayojulikana.

Chai endelea nayo ndugu yangu, punguza tu sukari ndani yake, na ukapimwe.

---

Jembe_Halimtupi amejibu:

Hapo kwenye njaa ya utotoni umenigusa, mzee alikuwa anasimulia sana kuhusu njaa waliyoipitia. Nitaenda kupima.

---

Mama_wa_Wanne amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi sio mtaalamu, naongea kama mtu niliyeambiwa sukari yako iko mpakani. Ilikuwa 6.3 (kwa milimoli) asubuhi kabla ya kula. Dokta akaniambia bado sio kisukari ila nikiendelea hivi nitafika.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba huwezi kubadilika peke yako kwenye nyumba yenye sufuria moja. Nilijaribu kujipikia changu pembeni, kuni zinaisha, muda hauna, watoto wanauliza mama kwanini unakula tofauti, mume anadhani unaumwa kitu unamficha. Nikaacha, nikaamua tunabadilika nyumba nzima, sufuria ile ile ila kilichomo ndani ndo kimebadilika, mikunde imeongezeka, mafuta napima kwa kijiko simimini tena kutoka kwenye chupa maana ukimimina hujui umeweka kiasi gani. Sukari ya chai nimeitoa mezani, naweka jikoni mimi mwenyewe wakati wa kuchemsha, kila baada ya muda napunguza kidogo, watoto hata hawajagundua. Mume wangu aligundua akanung'unika wiki mbili tatu hivi, afu akazoea, siku moja kanywa chai kwa jirani akarudi anasema imemshinda kwa utamu.

Na kutembea, sitembei peke yangu maana jioni mwanamke peke yako njiani watu wanakusema na usalama nao sio wa kuaminika sana. Tuko wanawake kadhaa tunapitiana, tunazunguka tunapiga stori. Asiyetokea tunamfuata mlangoni. Kusema kweli bila wale wenzangu ningeshaacha siku nyingi.

Mhudumu ukienda kwenye nyumba usiongee na mgonjwa peke yake, ongea na anayepika na anayeshika hela, na mara nyingi sio mtu mmoja.

---

Mhudumu_Jamii amejibu:

Asanteni sana jamani, Mama_wa_Wanne hilo la sufuria moja nalichukua kama lilivyo. Kumbe ndo maana watu wengi tukiwaelimisha wanaitikia afu hakuna kinachobadilika.

Swali langu la pili bado. Nianze na nani? Vipimo havitoshi, kituo kinapewa vichache vinaisha mapema. Na sina mizani ya kubeba.

---

Takwimu_na_Lishe amejibu:

Huhitaji mizani, tafuta kamba. Mwambie mtu asimame wima bila viatu, pima urefu wake kutoka kisigino mpaka utosini kwa kamba, ikate hapo, afu ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe tumboni kwake, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ameshusha pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Nusu ikikutana vizuri, yuko sawa kwa upande huo. Isipofika kuzunguka, mafuta ya tumboni yamezidi na huyo muweke kwenye orodha. Mafuta ya tumboni yanayozunguka ini na utumbo ndo mabaya zaidi kuliko ya mapajani, ndo maana kiuno kinakwambia mengi kuliko kilo. Kipimo hiki cha kiuno kisizidi nusu ya urefu kinatumika hata na wataalamu wa Uingereza kwenye miongozo yao, sio cha kubuni.

Halafu uliza maswali. Finland wana dodoso lao la kukadiria hatari bila kutoboa mtu kidole, linauliza umri, mwili ukoje, kiuno, unatembea kiasi gani, unakula mboga kila siku au la, unatumia dawa za presha, umewahi kuambiwa sukari iko juu, kuna ndugu mwenye kisukari. Unaweza kuuliza hayo hayo kwa mdomo. Mimi ningeongeza mawili: mwanamke aliyewahi kupata sukari kwenye ujauzito, huyo asikosekane hata kidogo kwenye orodha yako maana hatari yake ya baadae iko juu sana, na mtu mwenye ngozi nyeusi nene kama mahameli shingoni kwa nyuma au kwapani isiyotoka kwa kusugua. Watu wanaiita uchafu wanamwonea mtoto wa watu, kumbe mara nyingi ni dalili ya mwili kuwa sugu kwa insulini. Na wavutaji sigara pia, sigara inaongeza hatari ya kisukari, wengi wanajua ya mapafu tu.

Wale wanaojikusanyia alama nyingi hapo ndo vile vipimo vichache viende kwao.

Kingine, kama watu wako wana simu hata zile za kitochi, usidharau meseji. India walifanya utafiti kwa wanaume 537 ambao sukari yao ilikuwa mpakani, matokeo yakatoka 2013. Nusu wakapewa ushauri mwanzoni basi, nusu wakapewa ushauri huo huo pamoja na meseji za mara kwa mara za kuwakumbusha kula vizuri na kutembea. Baada ya miaka 2, wasiopata meseji asilimia 27 walikuwa na kisukari, waliopata ni asilimia 18. Meseji tu! Ila nadhani kilichofanya kazi ni mtu kujua kuna anayemkumbuka, kama vile wale wa Mama_wa_Wanne wanaofuatana mlangoni.

---

Bi_Mkunga amejibu:

Naongeza kwa upande wa watoto maana hapo tunapasahau. Uingereza sukari iligawiwa kwa mgao wakati wa vita na baada yake, mgao ukaondolewa 1953 na ulaji wa sukari ukapanda karibu mara mbili. Watafiti walilinganisha watu waliotungwa mimba na kulelewa kipindi cha mgao na wale waliokuja baada ya hapo, matokeo yalitoka 2024, na waliopata sukari kidogo tumboni na kwenye miaka yao miwili ya kwanza walikuwa na hatari ndogo ya kisukari aina ya pili kwa kama asilimia 35, na kati yao waliougua, kisukari kiliwachelewa kwa miaka kama 4.

Kwahiyo mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga wanaweza kuanza kazi ya kuzuia kabla mtoto hajajua hata kutembea, usiweke sukari kwenye uji wa mtoto, usimnyamazishe na soda au biskuti. Na kunyonyesha kunamsaidia mama mwenyewe, hatari yake ya kisukari inapungua. Haya hayana gharama, yanahitaji tu bibi wa mtoto naye aelewe, maana bibi ndo anamwonjesha sukari wewe ukigeuka.

---

Kisima_Kirefu amejibu:

Yote sawa ila naomba mtu mmoja aongelee maji. Nimeishi sehemu ambayo maji ya bomba hayanyweki na ya kuchemsha yanahitaji mkaa, na soda ya baridi inauzwa kila kona. Mtu akinywa soda pale sio ujinga, ni kinywaji pekee anachojua hakitamharishia. Ukimwambia aache soda, mpe na njia ya kupata maji. Pia njia za kutembelea, taa, mbwa, hayo hayatatuliwi na mtu mmoja nyumbani kwake. Mexico waliweka kodi kwenye vinywaji vya sukari kuanzia Januari 2014 na ununuzi ulipungua, tena ulipungua zaidi kwenye kaya za kipato cha chini. Viongozi wa mitaa na serikali nao wana kazi ya kufanya, tusiwabebeshe akina mama peke yao.

---

Mhudumu_Jamii amejibu:

@Kisima_Kirefu umesema kweli, kwenye kikao cha mtaa nitalipeleka hilo la maji kama suala la kisukari, sijawahi kulifikiria hivyo. Nyumbani nitaanza na kamba na maswali, vinywaji, na kutafuta vikundi vya kutembea pamoja. Nesi naomba la mwisho, nikimpeleka mtu kupima nimwambie namba gani ni za hatari? Na wale wanaokunywa mizizi niwaambie nini?

---

Nesi_wa_Kliniki amejibu:

Kabla ya kula asubuhi, akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi: chini ya 5.6 kwa milimoli iko vizuri. Kuanzia 5.6 mpaka 6.9 wengi tunahesabu mpakani, ingawa Shirika la Afya Duniani wao wanaanzia 6.1. Ikifika 7.0 au zaidi ni kisukari, ila kama hana dalili lazima kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kumwambia mtu ana ugonjwa wa maisha. Mashine nyingine zinasoma kwa miligramu, hapo 7.0 ni sawa na 126, angalia kwanza mashine yako ni ya aina gani usije ukamtisha mtu.

Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu ni kizuri ila kwa mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu kinaweza kudanganya, kwahiyo mwambie mpimaji kama unajua ana hali hiyo.

Kuhusu mizizi, usigombane nao, ukigombana watakuficha. Waambie kitu kimoja tu, aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ya mizizi, na aniambie anakunywa nini kwa sababu vingine vikichanganyika na dawa vinashusha sukari kupita kiasi mtu akaanguka.

Na ukikuta mtu ana kiu isiyoisha, anakojoa sana usiku, na anakonda bila sababu, huyo usimpimie kamba wala usimwekee miadi ya wiki ijayo. Mlete siku hiyo hiyo. Akiwa anatapika, anahema haraka au amechanganyikiwa, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku.